Ngoma Inayochechemea

Fundi Miwani hakuwa mtu wa kuomba ushauri. Kwa miaka kumi na minne alikaa kwenye chumba cha nyuma cha duka la miwani, mashine ya kusagia lenzi ikimrushia maji kifuani, na lenzi ikikataa kuingia kwenye fremu aliisaga tena, kimya kimya, mpaka iingie. Kwa hiyo siku alipotoka na simu mkononi, akasimama mbele ya kaunta na kukohoa, mwandishi wa risiti alidhani amekuja kuaga kazi.

"Mama Risiti, una dakika nne unisikilizie kitu?"

"Kitu gani tena, Fundi? Usiniambie unaoa."

"Muziki. Nimeutengeneza mwenyewe, nyumbani."

Mama Risiti alimtazama juu ya miwani yake kana kwamba ameambiwa kuku wa jirani ametaga jiwe. Akachukua spika za masikioni, akazifuta kwa pindo la gauni, akazivaa. Wimbo haukuwa na maneno. Ulikuwa wa kinanda cha umeme tupu: kengele ndogo ndogo mwanzoni, kisha sauti nene kama ya filimbi za mbao, kisha ngoma. Jina lake "Asubuhi ya Sikukuu". Mwaka ulikuwa umebakiza wiki tano, na Fundi alitaka uwe wimbo wa kumfanya mtu aamke akumbuke kwamba leo hakuna kazi, na kuna nguo mpya kwenye kiti.

Mama Risiti alianza kutikisa bega. Akaacha. Akaanza tena, akaacha. Wimbo ulipokwisha alizivua spika taratibu.

"Mzuri. Wallahi sikujua una mambo haya. Kengele nimezipenda."

"Lakini?"

"Nani kasema lakini?"

"Uso wako."

Mama Risiti alicheka. "Haya basi. Ngoma yako inachechemea. Kama mtu mwenye mwiba mguuni. Nataka kucheza, mguu wangu unabaki hewani unasubiri."

"Ndivyo ilivyo," alisema Fundi, akarudi chumba cha nyuma.

Hakuudhika. Alishangaa tu, kwa sababu ile ngoma hakuipanga. Kila kitu kingine kwenye wimbo ule alikipima kama anavyopima lenzi. Ngoma aliipiga kwa vidole viwili juu ya vibonyezo vya kinanda, Jumapili moja mchana, na vidole vilikwenda vyenyewe. Aliposikiliza alichopiga, kitu kifuani kilitulia, akakiacha hivyo hivyo.

Kinanda chenyewe kilikuwa cha mkono wa pili, alichoachiwa na mwalimu wa muziki aliyekuwa anahama. Kilikaa chini ya ngazi kwa miaka, kimefunikwa shuka, kwa sababu nyumba ile ndogo ya ghorofa moja ilikuwa na kelele za kutosha. Ilikuwa na mtoto. Jina lake la cheti walilijua walimu. Nyumbani alikuwa Chiriku, maana tangu alipojua kusema hakufunga mdomo. Aliongea akila, aliongea akipigwa mswaki, aliongea usingizini. Kwa sababu yake mtaa mzima ulimwita Fundi Baba Chiriku, na mkewe, muuguzi wa wodi ya wanaume, Mama Chiriku.

Miaka miwili iliyopita, mwezi wa kumi, Chiriku alianguka kwenye uwanja wa shule akiwa anakimbia na wenzake. Alikuwa na miaka saba. Alilazwa siku tatu. Madaktari wakasema ni moyo, ulikuwa na tatizo la siku nyingi ambalo halikujulikana. Siku ya nne hakukuwa na wa kulazwa.

Uchungu wa mwana aujua mzazi, lakini si kila mzazi anaujua namna moja. Mama Chiriku alitaka kusema. Alitaka kukaa mezani jioni na kusema, unakumbuka alivyofanya hivi, unakumbuka siku ile. Fundi hakuweza. Kila mkewe alipofungua mdomo, yeye alisimama akaenda kukaza skrubu fulani. Hakumkataza. Hakumkaripia. Alikuwa tu hayupo, hata akiwa ameketi pale pale. Watu nao, kwa huruma yao, wakaacha kuwaita Baba Chiriku na Mama Chiriku. Yeye akawa Fundi, mkewe akawa Sista. Mwezi wa tano mwaka huu Sista alikunja nguo zake, akahamia nyumba za wauguzi nyuma ya hospitali. Hawakugombana, hata talaka hawakupeana. Alisema tu pale mlangoni, "Nimechoka kuongea na ukuta, baba. Ukuta wenyewe angalau unarudisha mwangwi."

Ndipo Fundi akaondoa shuka kwenye kinanda.

Jumapili iliyofuata baada ya Mama Risiti kuusikiliza, alimpelekea wimbo dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufariki na ambaye hakuwahi kuficha neno tangu azaliwe. Dada alikuwa anapiga pasi. Alisikiliza wimbo mzima bila kuiweka pasi chini, mvuke ukimpanda usoni.

"Unataka ukweli au unataka chai?"

"Vyote, Dada."

"Chai ipo kwenye chupa. Ukweli ni huu: umeniambia ni wa sikukuu, nami nimetaka kulia. Kwa nini nimetaka kulia, mdogo wangu? Mimi sikulia hata siku mume wangu alipouza kabati langu."

"Labda ni ile filimbi. Nitaishusha."

"Si filimbi. Kuna mtu humo ndani anatembea." Dada aliipeleka pasi mbele na nyuma juu ya kola ile ile iliyokwisha kunyooka. "Umempelekea mkeo?"

"Hapana."

"Umempelekea nani?"

Jibu lilikuwa la aibu. Alikuwa ameuweka kwenye mtandao, katika kundi la wapiga vinanda wa majumbani, watu zaidi ya mia tatu wasiojuana kwa sura, ambao hupelekeana kazi zao na kuambiana ukweli. Sheria ya kundi ilikuwa moja: usiseme "safi" tu, sema unachosikia.

Nao walisema. Mmoja alisema kengele zimezidi, mpaka anahisi yumo ndani ya kabati la vyombo. Mwingine alisifu sauti ya filimbi, akauliza ameitoaje. Mmoja alisema wimbo umemkumbusha nyumbani kwao na hajui kwa nini. Lakini karibu wote, kwa maneno tofauti, walirudi pale pale: ngoma. Ngoma inachelewa. Ngoma imelewa. Pigo la pili linaogopa nini? Mwenzetu, vidole vyako vizito au mashine yako mbovu?

Aliyekuwa mpole kuliko wote alijiita Babu Betri. Alikuwa mzee aliyestaafu kazi ya umeme, na kila mtu kundini alimheshimu kwa masikio yake. Babu Betri aliandika hivi: "Mwanangu, una wimbo mzuri mikononi na unauangusha kwa kitu kidogo. Pigo la kwanza ni zito, sawa. La pili ni jepesi mno na linachelewa. Kisha unasita, kisha unaruka tena. Ukilinyoosha hilo, watoto wote watacheza. Ukiruhusu, nitumie vipande vyake nikuonyeshe."

Fundi aliruhusu. Kwa nini asiruhusu? Mtu amejitolea, tena mkubwa kwa umri. Alhamisi moja, saa ya chakula cha mchana, wimbo ulirudi. Fundi alifunga mlango wa chumba cha nyuma, akazima mashine, akakaa kwenye kiti chake kirefu kati ya trei za lenzi, akasikiliza.

Ulikuwa mzuri. Hilo lazima lisemwe. Babu Betri hakuwa mtu wa kubahatisha. Ngoma ilikuwa sawa kama mistari ya daftari, pigo baada ya pigo, na kengele zilikaa juu yake kama ndege juu ya waya. Mguu wa Fundi wenyewe ulianza kugonga sakafu. Ukagonga, ukagonga, na ghafla akaelewa nini kimetolewa.

Chiriku alikuwa hashuki ngazi kama watu. Aliruka kidato kimoja kwa miguu yote miwili, puu. Kinachofuata alikigusa kwa mguu mmoja tu, kwa ncha, amechelewa kidogo, kama mtu anayeonja maji ya moto. Kisha akasita, akaruka tena. Vidato kumi na vitatu. Asubuhi za kazi Fundi alikuwa ameshaondoka. Lakini asubuhi ya sikukuu alilala, na kitu cha kwanza alichosikia ni ile miguu ikishuka kutafuta nguo mpya kwenye kiti: puu, ta... puu, ta... puu, ta...

Sasa ilikuwa imenyooshwa. Mtu mwema, asiyejua lolote, alikuwa amepiga deki sakafu na kufuta nyayo.

Mama Risiti alisikia kitu akadhani trei imeanguka. Alipofungua mlango alimkuta Fundi ameinamia meza, kipaji cha uso juu ya vumbi jeupe la lenzi, analia kwa sauti ambayo mtu mzima huwa nayo mara moja au mbili tu maishani. Siku ya mazishi hakulia. Mama Risiti aliingia, akafunga mlango nyuma yake, akamshika mgongo. Mteja aliyekuwa kwenye kaunta alisubiri, kisha akaenda zake.

"Pole, Baba Chiriku," alisema Mama Risiti, na lile jina, baada ya miaka miwili, lilimfanya alie zaidi.

Jumamosi alimpigia simu mkewe akamwomba dakika nne.

Walikutana kwenye kantini ya hospitali, saa kumi jioni, mkewe akiwa anatoka zamu. Alikuwa amekonda. Alikuwa amevaa sweta la kijivu juu ya sare, na saa yake ya kubandika kifuani ilikuwa bado ipo, ikitazama chini.

"Umekuja na skrubu zako?" aliuliza, nusu mzaha.

"Nimekuja na wimbo. Nataka usikilize uniambie unaonaje. Wote wameniambia, umebaki wewe."

"Wote akina nani?"

"Mama Risiti. Dada. Na watu wa mtandaoni."

"Wangapi?"

"Kama mia tatu."

Alimtazama, kisha akavaa spika. Fundi alimpa wimbo wake mwenyewe, si ule ulionyooshwa. Alimtazama uso kama anavyotazama lenzi dhidi ya taa. Kengele zilipita. Filimbi ikapita. Akajua ngoma imeingia, kwa sababu mkono wa mkewe, uliokuwa unakizungusha kikombe, ulisimama.

Hakulia. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua spika, akaziweka mezani moja kando ya nyingine, sambamba kabisa.

"Umemweka humo," alisema.

"Ndiyo."

"Miaka miwili. Miaka miwili nimekuomba, sema neno moja tu juu ya mwanangu. Moja. Nilikuwa nalala kitandani nakuomba. Umekaa kimya, kumbe ukaenda kumweka kwenye simu, watu mia tatu wakamsahihisha. Walisemaje? Niambie walivyosema."

"Walisema anachechemea."

Aliufunika mdomo kwa mkono. Kwenye meza ya jirani walikuwa wauguzi wawili wachanga wanakula, wakainamia sahani zao.

"Sikujua ni yeye," Fundi alisema. "Nakuapia. Vidole vilijua, mimi sikujua. Nimejua Alhamisi." Akaisogeza simu katikati ya meza. "Chiriku," alisema. Lilitoka kama mtu anayejaribu lugha ya kigeni. "Chiriku wetu. Nakumbuka anavyoshuka ngazi. Hilo ndilo neno langu. Nimechelewa, najua. Lakini ndilo hilo."

Nje, mtu alikuwa anasukuma kitanda chenye gurudumu linalolia, na ule mlio ulipita mlangoni, ukaenda, ukapotea.

"Umeniomba maoni," mkewe alisema hatimaye, kwa sauti ya kazi, ile ya kumweleza ndugu wa mgonjwa. "Nitakupa. Wimbo wako umekosea mahali pamoja."

"Wapi?"

"Hakuwa anashuka moja kwa moja. Zamani ndiyo. Lakini ule mwaka wa mwisho, tangu mwezi wa saba, alikuwa anasimama katikati. Kidato cha tisa. Anashika ukuta, anasimama, kisha ndio anaendelea. Wewe ulikuwa unatoka kabla hajaamka, na zile Jumapili zote ulikuwa kwenye kambi za kupima macho. Hukumwona."

"Anasimama kwa nini?"

"Sikiliza basi." Alikishika kikombe kwa mikono miwili ingawa kilikuwa kitupu. "Nilimuuliza, Chiriku, unafanya nini hapo? Akaniambia, 'Naipumzisha ngazi, Mama.' Nikacheka. Ilinipendeza mno hiyo, nikaja nayo hapa wodini nikawasimulia wenzangu. Naipumzisha ngazi. Tulicheka wote. Wauguzi sita, baba. Wauguzi sita tumesimama na saa vifuani, tunahesabu mapigo ya watu wazima, na hakuna aliyesema, mtoto wa miaka saba anapumzikaje kwenye ngazi? Mpeleke akapimwe. Hakuna. Na mimi mama yake ndiye niliyecheka zaidi."

Fundi hakuwa amejua. Katika siku zote mia saba na zaidi alidhani mkewe anataka kuongea ili apate nafuu. Hakujua kwamba alikuwa na hili kooni, na kila alipofungua mdomo alitoe, mumewe alisimama kwenda kukaza skrubu.

Alitaka kusema "si kosa lako", lakini hayo kila mtu huyasema, na hayajamsaidia mtu. Akatafuta jingine.

"Ningekuwepo," alisema polepole, "na mimi ningecheka. Angeniambia naipumzisha ngazi, ningemwambia, basi ipe na maji. Ningecheka, nikaenda kazini, nikamsimulia Mama Risiti."

Hapo ndipo mkewe alipolia. Fundi alivuta kiti upande wake akakaa naye bega kwa bega, wakitazama ukuta mmoja, kama abiria. Walisema mengi jioni ile, mengine ya kuchekesha. Walikumbuka alivyomuuliza daktari wa meno kama na yeye ana mama. Walikumbuka kiatu alichokizika uani ili kiote jozi yake. Wauguzi wachanga walimaliza kula, wakaondoka kwa ncha za vidole.

Mtu angetegemea kwamba baada ya hapo walirudi nyumbani pamoja. Fundi mwenyewe alitegemea. Aliposimama alisema, "Twende basi, Mama Chiriku," na mkewe akashika mkono wa sweta lake kama anayelinyoosha.

"Nimepata uhamisho," alisema. "Hospitali nyingine, mbali. Naanza mwaka mpya, naondoka Ijumaa. Niliomba mwenyewe."

"Omba kubaki."

"Siwezi kushuka zile ngazi, baba. Nimejaribu. Kila asubuhi nikifika pale nilikuwa nasimama." Alimshika shavu kidogo, akauondoa mkono. "Ungeniambia haya mwaka jana, labda. Sijui. Usiyabebe sana. Nitumie wimbo."

Fundi aliondoka peke yake. Njiani alipita mtaa mzima wa maduka yenye taa za sikukuu madirishani, na hakuona hata moja.

Jioni ile ile aliutoa wimbo kwenye kundi. Kesho yake Babu Betri akamwandikia kwa wasiwasi: "Mwanangu, tumekuudhi? Mimi mdomo wangu hauna breki, nisamehe." Fundi alimjibu: "Hapana, mzee wangu. Masikio yako yako sawa kabisa. Ulisikia mguu wa mwanangu. Hukuweza kujua." Siku ya pili mzee alituma neno moja, pole, na jina lake halisi, ambalo kundini hakuwahi kulitaja.

Jumatano, mchana, Fundi aliomba ruhusa kazini. Alikaa mbele ya kinanda, akahesabu mapigo kutoka juu, na kwenye la tisa akakata. Akaacha kimya, kifupi, kama sekunde moja, kisha ngoma ikaendelea. Akamtumia mkewe.

Jibu lilikuja baada ya nusu saa. "Mahali ni hapo. Ila kirefu kidogo."

Akakirefusha. Akatuma.

"Kirefu zaidi."

Akakirefusha tena, sekunde nne. Kengele zilikuwa bado zinalia juu ya kile kimya, akazinyamazisha nazo, maana hazikuwa na kazi hapo. Akatuma.

"Zaidi, Baba Chiriku."

Sekunde sita. Saba. Aligundua kwamba kila anapotuma anaomba jibu lisije "zaidi" tena, na lilikuja. Kwenye muziki huo ni muda mrefu sana. Msikilizaji yeyote angedhani wimbo umekwisha, au mashine imeharibika. Kwenye ngazi ni muda wa mtoto kushika ukuta na kuvuta pumzi, na kuvuta tena, na kuvuta tena, huku chini mama anamsubiri anacheka.

Kwenye sekunde ya kumi na moja mkewe aliandika: "Hapo."

Fundi aliuweka wimbo uanze mwanzo. Kengele, filimbi, miguu inashuka. Ilipofika kwenye kimya, aliketi ameshikilia ukingo wa kinanda, akimsubiri mwanawe apumue.